Unga wako upate alama ya TBS: anzia kwenye turubai, usianzie kwenye fomu

Wadau wa usindikaji hapa Mbeya na majirani zetu wa Songwe, Njombe na Iringa, swali ninaloulizwa kuliko yote ni "dada hivi TBS unaanzia wapi, fomu inajazwaje". TBS ni Shirika la Viwango Tanzania. Fomu nitaifikia ila iko mwishomwisho, maana mi nilianza na fomu na ilinigharimu, sasa nawapa mpangilio ambao ningeufuata kama ningeanza upya leo. Nasindika unga wa lishe, mahindi, soya na karanga, kwa hiyo mifano yangu mingi ni ya huko, ila mwenye sembe, siagi ya karanga au mafuta ya alizeti njia ni hiyohiyo.

Kwanza tuelewane kiwango ni nini, coz wengi tunadhani ni ile stika tu. Siku moja bolti ya mashine yangu ilikatika katikati ya oda, mashine yenyewe imetoka China. Nikamwita fundi Mwanjelwa, akaja na begi lake, akachomoa spana namba 13, akafungua, akaniambia "mama hii ni M8, nenda duka lile la kona." Nikanunua, ikaingia, tukaendelea kusaga. Hakuna aliyepiga simu China. Yaani watu wasiojuana walishakubaliana zamani kwamba bolti ya M8 ina unene huu na meno ya namna hii, kichwa chake kinafunguliwa na spana hii, basi aliyetengeneza huko na aliyefungua huku wameelewana bila kuonana. Na unga ni vilevile. Mtu wa Dodoma hakujui, hajaona jiko lako, hajui kama unanawa mikono, anachotaka ni uhakika kwamba mfuko wa leo na wa mwezi ujao ni kitu kilekile na hautamdhuru mtoto wake. Unga unaweza kuwa mtamu balaa, ila kama wiki hii mtamu na wiki ijayo unachacha, huo hauna kiwango.

Na biashara inafungwa kweli kwa mambo haya, tusidanganyane. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu (sumu inayotengenezwa na fangasi kwenye nafaka na karanga), baada ya siku chache wakafungua lakini kwa masharti, mwagizaji awe amesajiliwa na mzigo uwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Wenye cheti walipita, wasio na cheti walibaki na magunia yao.

Hatua ya 1: chagua bidhaa moja, kisha kisome kiwango chake

Bidhaa moja. Usiende na unga wa lishe, pilipili ya chupa, sabuni ya maji na wine ya ndizi kwa mpigo, kila moja ina kiwango chake na vipimo vyake, utachoka kabla hujafika. Anza na ile inayouzika zaidi.

Halafu nenda ofisi ya TBS ya kanda, iko hapahapa Mbeya, waambie nataka kiwango cha bidhaa fulani. Hili watu hawalifanyi kabisa! Kiwango ni andiko, kama kijitabu, ndani yake kuna maelezo ya bidhaa na jedwali la namba, unyevu mwisho hapa, sumukuvu mwisho hapa, mchanga mwisho hapa, na namna ya kupima kila kimoja. Bidhaa nyingi za chakula zinatumia kiwango kimoja kwa Afrika Mashariki yote, utaona zimeandikwa EAS (East African Standard), mfano mahindi ni EAS 2. Ukishalisoma lile jedwali unajua mtihani utatoka nini. Mi niliingia kwenye mtihani sijawahi hata kuona silabasi.

Kitu kingine, kuanzia 2019 mambo ya chakula na vipodozi yalihamia TBS kutoka ile iliyokuwa TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa), kwa hiyo mtu akikwambia nenda TFDA ukasajili jengo la chakula, mshukuru tu, taarifa zake ni za zamani.

Hatua ya 2: malighafi, na hapa ndo pa kukaa sana

Mahindi ya kwetu yanakomaa vizuri, shida ni kukauka. Tunavuna kuanzia Mei Juni, na Juni Julai unajua baridi ya Uyole na ule ukungu wa asubuhi, jua linatoka saa nne saa kumi limeshaenda. Mtu anaanika chini kwenye udongo, jioni anaacha, umande unashuka, asubuhi anaanika tena, kwa nje yanaonekana makavu kumbe ndani yana maji. Kiwango cha mahindi kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5. Ukizidi hapo fangasi wanakaribishwa, na wale fangasi ndo wanaotengeneza sumukuvu.

Sumukuvu haina harufu wala rangi, na kupika haiondoi. Watu wanasema "si nitachemsha uji dakika 40", chemsha hata masaa, ipo. Kikomo ni sehemu 10 kwa bilioni kwa jumla yake, na ile aina kali zaidi inayoitwa B1 mwisho 5. Namba hizo hazieleweki kirahisi, kwa hiyo chukulia hivi: Fuso kumi, kila moja imebeba tani 10 za mahindi, sumu yote iliyoruhusiwa ndani ya Fuso zote kumi ni gramu moja. Gramu moja! Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye hii kitu, kwa hiyo mkaguzi akikomaa nayo usimuone mnoko.

Kama huna kipima unyevu, tumia chumvi. Chukua chupa ya kioo safi iliyokauka kabisa, weka mahindi kama theluthi ya chupa, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu (chumvi ikiwa na majimaji ianike kwanza), funga, tikisa dakika kama tatu, halafu acha itulie robo saa. Angalia kuta za chupa. Chumvi ikiwa imeganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi, yana zaidi ya asilimia 15. Ikiwa imeanguka yote chini, yako chini ya hapo. Sasa angalia vizuri, chini ya 15 haimaanishi 13.5, kwa hiyo chumvi inakusaidia kukataa mzigo, haikusaidii kuupitisha. Mi nikishaona chumvi imeanguka bado naanika siku nyingine moja mbili juu ya turubai, na kabla ya kusaga naenda kuazima kipimo kwa mwenzangu. Siku moja nitanunua changu.

Kununua usichukue kiganja cha juu ya gunia ukaridhika. Sumukuvu haisambai sawasawa, inakaa kama vichuguu, gunia moja zima na jirani yake limeoza katikati. Tumia bambo (kile chuma chenye ncha cha kuchomea gunia na kutoa nafaka), choma juu, katikati na chini, magunia kadhaa, changanya ndo uangalie na ndo upime. Na ukipeleka sampuli maabara ipeleke hiyo iliyochanganywa, ukipeleka kiganja cha juu unajidanganya mwenyewe.

Karanga sasa. Karanga ndo zilizoniliza. Ilikuwa Februari, mvua inapiga, oda imebana, karanga zangu zimeisha. Nikaenda sokoni kwa mama mmoja mzima tu mwenye maneno matamu.

"Mama, hizi zimekauka?"

"Zimekauka mwanangu, hebu zisikie zinavyolia," akachota akaziachia zimwagike kwenye ungo, kweli zikalia.

Nikabeba. Sikuchambua, nikakaanga, nikasaga, nikafungasha, nikapeleka. Sampuli ilivyopimwa sumukuvu imepita kikomo, tena sio kidogo. Kukaanga kunapunguza kiasi lakini hakumalizi. Yule mama hakunidanganya, zilikuwa zimekauka kweli, ila zilikauka baada ya kuwa zimeshaota fangasi huko nyuma, na hilo ungo hauwezi kukwambia. Siku hizi karanga nanunua msimu wa mavuno, nachambua kwa mkono moja moja, iliyosinyaa, iliyovunjika, yenye ukungu au rangi tofauti inatoka. Akina dada wawili siku nzima wanachambua. Inauma kuona gunia linapungua, ila sehemu kubwa ya sumu inakuwa kwenye hizohizo mbovu chache.

Soya nayo usiisage mbichi, ichemshe au ikaange kwanza, mbichi ina vitu vinavyozuia mwili kutumia protini yake, sasa unampa mtoto unga wa lishe usiolisha. Halafu ile tabia ya kuweka nafaka kumi na mbili kwenye mfuko mmoja ili lebo ionekane nzito, achana nayo. Kila nafaka unayoongeza ni chanzo kipya cha kupima na kudhibiti, na maafisa lishe wenyewe hawaipendi.

Stoo: magunia juu ya vichanja, yasiguse ukuta, dari lisivuje. Basi.

Hatua ya 3: jengo na mashine

Huhitaji kiwanda. Unahitaji chumba ambacho mali ghafi inaingilia upande mmoja na unga uliofungashwa unatokea upande mwingine, visikutane njiani. Ukuta unaooshika, nyavu madirishani, taa ziwe na kava (balbu ikipasuka juu ya unga hiyo bachi nzima, yaani unga wote wa mkupuo huo, imekwisha), choo kisitazamane na mlango wa uzalishaji, sehemu ya kunawa yenye maji na sabuni. Wafanyakazi wapime afya na kadi ziwepo, na kipimo kinarudiwa kila miezi sita, usisubiri mkaguzi akuulize ndo uanze kukimbizana na hospitali.

Kama unasaga kwenye mashine ya mtaani, na wengi tunaanzia hapo, ongea na mwenye mashine uwe wa kwanza asubuhi baada ya kufagia, na kilo chache za mwanzo ziweke pembeni ziwe za kuku, maana ndani mle kuna mabaki ya mahindi ya mteja wa jana na hujui yalikaukia wapi. Nyundo za mashine zinalika, na zikilika vile vipande vya chuma vinaenda kwenye unga. Weka sumaku pale unga unapotokea. Mara ya kwanza nilipoweka sumaku nilikuta imeota vindevu vyeusi, nikakaa chini nikafikiria unga wote niliouza kabla yake.

Hatua ya 4: mizani

Hapa ni Wakala wa Vipimo, sio TBS, watu wanachanganya. Mizani yako ikaguliwe na ipate stika yao, kila mwaka. Kilo moja kwenye lebo maana yake kilo moja ya unga, mfuko hauhesabiwi, kwa hiyo weka mfuko mtupu kwanza mizani isome sifuri ndo ujaze. Kila paketi ya kumi naipima upya, ikipungua narudi nyuma kwenye zile tisa.

Na jamani kununua. Sisi wa huku tunajua lumbesa, gunia limefunika limewekwa kilemba juu, mkulima wa viazi wa Uporoto anauza gunia moja kumbe ametoa moja na nusu. Lumbesa imepigwa marufuku na gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, lakini bado ipo. Nunua kwa kilo. Sio huruma tu kwa mkulima (ingawa hiyo nayo ipo), ukinunua kwa debe au sado huwezi kujua gharama ya paketi yako moja, debe la mahindi makavu na la mahindi mabichi hayalingani uzito, na hilo bichi unalipia maji.

Hatua ya 5: bachi namba na daftari

Turudi kwenye zile karanga. Matokeo yalipokuja paketi zilikuwa zimeshaenda madukani, Mbalizi, Kabwe, Igawilo, nyingine zimepanda basi kwenda Makambako. Nikaulizwa, zipi zina zile karanga? Sijui. Lebo zangu zote zilikuwa zinafanana, hakuna namba, nilikuwa nimechanganya na unga wa wiki mbili za nyuma ambao ulikuwa mzuri tu. Ikabidi nirudishe ZOTE. Siku tatu na bajaji, duka kwa duka, naomba radhi, nalipa hela za watu, kuna mwenye duka alinirudishia mifuko bila kusema neno hata moja, bora angetukana. Paketi nzuri zaidi ya nusu zikaenda kuteketezwa pamoja na mbovu.

Kwa hiyo bachi namba. Yangu ni tarehe ya kusaga na herufi ya zamu, kwa mfano 140725A, imegongwa kwenye kila paketi. Kwenye daftari mstari huohuo unaandika mahindi yametoka kwa nani na lini, karanga kwa nani, chumvi ya chupa ilisemaje, nani alisaga, paketi ngapi zimetoka, zimeenda duka gani. Na paketi mbili za kila bachi zinabaki kwangu kabatini mpaka muda wake wa kutumika uishe. Daftari la shule la kawaida kabisa linatosha. Mkaguzi alivyokuja mara ya pili alikaa na lile daftari muda mrefu kuliko aliotumia kuangalia mashine, akanyoosha kidole kwenye mstari mmoja, "nionyeshe hii," nikaenda kabatini nikatoa paketi yenye namba hiyo. Akaandika kitu, akafungua ukurasa mwingine.

Hatua ya 6: lebo

Usiprinti lebo 5,000 kabla hujakaguliwa, kuna watu wana maboksi ya lebo nyumbani yamekuwa ya kuwashia moto. Kwanza michoro ipitishwe. Lebo iwe na jina halisi la bidhaa (sio jina la biashara tu), viambato kuanzia kilicho kingi kwenda kidogo, uzito halisi, jina na anwani yako, nchi ilikotengenezwa, bachi namba, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho kutumika, namna ya kutunza na kutumia. Karanga na soya ziandikwe waziwazi, kuna mtoto akila karanga anavimba koo.

Usiandike unatibu. "Unaongeza damu, unaondoa kisukari, unarudisha nguvu za kiume," hapana, huo ni unga. Na alama ya TBS usiiweke kabla hujapewa leseni ya kuitumia, hata kama ombi liko njiani, hata kama bwana printa anakwambia "wote wanaweka".

Barkodi ni kitu kingine tena, inatoka GS1 Tanzania, namba zake zinaanza na 620, na haisemi chochote kuhusu ubora, ni ya kaunta ya supamaketi kusoma bei. Nimeshaona mtu anamwonyesha mteja barkodi akisema "ona, imethibitishwa".

Hatua ya 7: sasa makaratasi

Jina la biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara), TIN (namba ya mlipakodi), leseni ya biashara halmashauri. Halafu pita SIDO (shirika la serikali la viwanda vidogo), wako Mbeya, watakuona, kuna mafunzo, na wanakupa barua ya utambulisho kwamba wewe ni mjasiriamali mdogo. Barua hiyo ni muhimu sana, mjasiriamali mdogo aliyepitia SIDO serikali inambebea gharama za mwanzo za kuthibitisha ubora, uliza pale ofisini utaratibu wa mwaka huu ukoje na uandike. Ukishakuwa nayo unaomba TBS kwa mfumo wao wa mtandaoni, usajili wa jengo na leseni ya alama ni vitu viwili, usifanye kimoja ukadhani umemaliza. Wakaguzi wanakuja, wanaangalia, wanachukua sampuli wao wenyewe, inaenda maabara. Ikifeli wanakwambia imefeli kwenye nini, unarekebisha hicho, unaomba tena. Ikipita unapewa leseni, na wanaendelea kuja hata bila taarifa, na wananunua hata dukani kupima.

Kama una mtu anakwambia mpe hela akuletee cheti bila mkaguzi kukanyaga kwako, kimbia.

Hatua ya 8: kama unataka kuvuka mpaka

Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuna sheria ya 2006 ya viwango, bidhaa yenye alama ya ubora ya nchi mwanachama inatakiwa ipokelewe kwa wengine, kwa hiyo alama ya TBS ina nguvu Kenya, Uganda, Rwanda na wenzao. Ila sisi wa huku mipaka yetu ya karibu ni Tunduma na Kasumulu, na Zambia na Malawi hawamo kwenye jumuiya hiyo. Wana mashirika yao, ZABS kwa Zambia na MBS kwa Malawi. Alama ya TBS inakujengea heshima lakini haifungui geti yenyewe.

Kwa hiyo kabla hujapakia, mteja wako wa Nakonde, upande wa Zambia, aende kwa watu wake aulize wanataka nini kwa bidhaa hiyo kwa jina lake, akutumie kwa maandishi, picha ya simu inatosha, usikubali "we leta tu tutaongea hapahapa". Nafaka ghafi ina vibali vyake vingine, na cheti cha afya ya mimea cha TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) kinahusika. Kwenye gari weka bahasha moja: leseni ya TBS, matokeo ya maabara ya bachi hiyohiyo iliyopakiwa (sio ya mwaka jana), ankara, na orodha ya bachi namba na idadi ya maboksi ya kila moja. Nakala nyingine ibaki kwa dereva kwenye deshibodi, maana bahasha ya kwanza wakala wa forodha akishaichukua inaweza kukaa kwake mpaka jioni, na Tunduma foleni unaijua.